Huyu paka nimwite nani jamani

Nilikuwa nimekaa kwa benchi la daktari wa mifugo, kiondo juu ya magoti, ndani ya kiondo paka amenuna, na yule dada wa mapokezi akaniuliza jina. Nikampa langu. Akasema hapana mama, la paka. Nikanyamaza. Miezi minane tunakaa na huyu mnyama na hana jina, ama tuseme ako na majina kama kumi na hakuna hata moja anaitikia. Dada akangoja, akaona foleni inakuwa refu, akaandika PAKA kwa kadi ya chanjo pale pa jina, halafu chini pale pa aina ya mnyama akaandika paka tena. Paka Paka. Kama mtoto wa wazazi waliochoka. Akaniambia ya kichaa cha mbwa tumemaliza (ndio, paka pia hushikwa na kichaa cha mbwa, usiniulize mbona wasingekiita kichaa tu) lakini hii ingine ya mafua inarudiwa baada ya wiki nne, mkirudi mje na jina basi, tafadhali.

Wiki nne. Nikafikiri ni nyingi.

Wacha nianze na ukubwa ndio muelewe. Daktari alimpima akapata kilo 7.4, na akasema paka wa kawaida wa nyumba huwa kilo 4 ama 5 hivi. Na si mafuta, alimbonyeza mbavu akasema huyu ni mifupa na misuli, ameumbwa hivyo. Mimi nilikuwa nimeshampima kitambo kwa yule mzee wa vyuma kuukuu anayepita na mizani ya kuning'iniza, kwa sababu keateka wetu, yule msimamizi wa ploti, alibisha ati hakuna paka anaweza pita kilo 5, tukamtia kwa gunia, mzee akainua akasema kilo 6 kasoro. Kwa hivyo pale kwa daktari sikupata tu uzito wa paka, nilipata pia kujua venye tumekuwa tukiibiwa na masufuria yetu miaka yote hii. Fundi wa friji alipokuja mara ya kwanza alisimama kwa mlango akauliza kama hiyo kitu huuma.

Sasa akili. Hapo ndio shida iko, juu paka mkubwa mjinga ungemwita Gunia na mambo yaishe. Huyu anafungua mlango. Anaruka, anashika kile kishikio na mikono miwili, ananing'inia mpaka kinashuka, halafu anasukuma na mguu. Friji nimeifunga na ule mpira wa kufungia mizigo wa bodaboda na bado sina amani. Akipanda meko nikipika namwambia toka hapo! halafu namrushia omena mmoja kule kona ndio ashuke, nirudi kwa sufuria yangu. Akikalia daftari za mtoto, toka! Akilala kwa beseni la nguo safi, wewe toka! Hiyo ndio lugha ya nyumba yetu kutoka asubuhi.

Lakini kile kilimfanya awe staa wa ploti ni maji. Sisi hapa Umoja, Nairobi, orofa ya tatu maji ya mfereji hutuletea usiku wa Alhamisi, na hiyo Alhamisi usiku ni Mungu tu anajua ni saa ngapi, inaweza kuwa saa nne inaweza kuwa saa tisa, na ikikupita umelala basi wiki nzima unanunua mitungi kwa mkokoteni. Watu huacha mfereji wazi na sufuria chini yake ndio mlio uwaamshe, wengine huweka alamu kila saa. Sasa huyu paka hajamaliza mwezi kwetu, usiku mmoja nasikia blanketi inavutwa. Nikamwambia toka. Akavuta tena. Nikaamka na hasira nimfukuze, akanitangulia mpaka bafu, akaruka juu ya drami akakaa akiangalia mfereji. Kimya. Nikasimama pale kama mjinga, na nguo ya kulala, dakika moja, mbili, halafu mfereji ukaanza kupumua, ile fyuuu ya hewa kabla ya maji, halafu ukakohoa, halafu yakaja.

Baadaye nilisoma kwamba paka husikia sauti nyembamba zinazopita mbali kabisa zile masikio yetu yanaweza kushika, ndio maana panya akinong'ona na mwenzake ukutani paka ameshajua mpango wote. Kwa hivyo si uchawi, hewa huanza kuimba kwa mabomba huko chini kabla sisi hatujasikia chochote. Sawa. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kujua kwamba huyo mwanamke aliyelala ndiye anataka hizo habari ni kitu kingine. Siku hizi Alhamisi usiku napata meseji za majirani: paka ameamka?

Kwa hivyo unaelewa huwezi mpatia hiyo kitu jina la ovyo.

Alikuja kwetu mwenyewe, Aprili, usiku ile mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa, tukampata kwa ngazi amekaa wima amelowa na bado anaangalia watu kama mwenye nyumba. Na kwetu sisi wengi mvua tayari ni jina. Soja wa geti ni Mjaluo, akasema bila kufikiri, huyo ni Okoth. Mama wa samosa wa nyumba ya chini ni wa Bungoma akasema hapana, ni Wafula. Mimi Mkamba nikajua moyoni kwamba ni Wambua. Tukaangaliana wote watatu. Halafu soja akaanza polepole, lakini kaka yangu mkubwa ni Okoth, sasa nikimwita huyu hapa na yeye akiwa amekuja kunisalimia... Mama wa samosa akakumbuka baba mkwe. Na mimi mjomba wangu Wambua ndiye alinilipia karo ya sekondari, nitawezaje kusimama kwa balkoni nikisema Wambua amekojolea zulia? Huko Ulaya nasikia paka huitwa majina ya watu na hakuna mtu hukasirika. Hapa jaribu uone. Jina la mtu ni la ukoo, limebebwa na babu likapewa mjukuu, na ukiliweka kwa mnyama kuna mkutano wa familia utaitwa na utaulizwa una nini na wao. Nilimpigia mama yangu Machakos kumuuliza tu, hata kabla sijamaliza akasema, wewe, usithubutu.

Simba nilikataa mapema. Si kwamba halimfai, linamfaa sana, lakini kwa hii ploti yetu ukiita Simba wanakuja mbwa wawili, paka wa keateka na mtoto wa nyumba namba nne. Halafu mimi hilo jina hunipeleka kwa wale simba wenyewe wa pale Nairobi National Park. Mnamkumbuka Mohawk? Yule wa manyoya marefu, alitoka mbugani mwaka 2016 akapatikana Isinya huko Kajiado na akapigwa risasi akafa. Jiji lote lililia. Na simba wengine wameuawa kabla na baada, hakuna mtu alilia hivyo, kwa sababu hao wengi wetu hatukujua wanaitwaje. Hiyo kitu ilinikaa kichwani hizo wiki nne zote, kwamba mnyama ukishampa jina umejifunga.

Binti yangu, miaka tisa, alitaka Akili. Nikakataa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ukimwita mtu Akili kesho unampata ameingiza kichwa kwa kopo la maziwa. Kaka yangu akaleta Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo na venye huonekana tu wakati wa chakula, tukacheka siku mbili, siku ya tatu haikuwa inachekesha tena. Profesa hatukujaribu, kila baa ya Umoja iko na Profesa wake.

Yule mwalimu wa orofa ya kwanza ndiye alinichelewesha zaidi, kwa sababu ukienda kumuuliza kitu kidogo unatoka baada ya chai ya pili. Ni mtu wa Mombasa, mstaafu, na paka kwake si mchezo. Aliniambia huko kwao paka dume mkubwa anayerandaranda ana neno lake kabisa, shume, paka shume, na kwamba sisi watu wa Nairobi tunaita kila kitu paka kwa sababu ya uvivu. Halafu akanieleza kuhusu Abu Huraira, yule sahaba wa Mtume ambaye amepokewa hadithi nyingi kuliko karibu wote, kwamba hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi, ni lakabu, maana yake baba wa kipaka, alipewa kwa sababu ya kipaka alichokuwa akitembea nacho. Akanyamaza kidogo akasema, kwa hivyo usihangaike sana mama, pengine si wewe utampa paka jina, paka ndiye atakupa wewe. Na kweli. Tangu hiyo story ya maji watoto wa ploti wananiita Mama Paka. Miaka kumi na mbili nimekaa hapa na hawakuwa wananijua kwa jina lolote.

Shume tulijaribu siku tatu. Shida ni kwamba ukilitamka haraka kwa kelele za mtaa watu wanasikia mambo mengine.

Halafu kukawa na wiki ya Kadzonzo. Mama mmoja wa duka la nafaka ni wa Kilifi, alimwona kwa balkoni na ile mistari yake ya hudhurungi akasema huyo ni kadzonzo, paka wa Sokoke. Nilikuwa sijui, na pengine na wewe hujui, kwamba Kenya tuko na aina yetu ya paka inajulikana dunia nzima, imetoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Wagiriama wanamjua tangu zamani na wanamwita hivyo kwa sababu manyoya yake yanakaa gome la mti. Mwaka 1978 mama mmoja anaitwa Jeni Slater alipata vipaka kwa shamba lake akaona ni tofauti akaanza kuwalea, na baadaye wengine wakapelekwa mpaka Denmark. Denmark! Paka wa Kilifi na hiyo baridi. Nilifurahi nikaona sasa nimepata jina na historia yake, mpaka niliposoma zaidi nikaona paka wa Sokoke ni mwembamba, miguu mirefu, mwepesi kama mkimbiaji. Wangu anakaa kabati. Kaka yangu akasema basi ni Maine Coon, wale wa Marekani ambao dume hufika kilo 8 na kupita, lakini hao wako na manyoya marefu na mkia kama ufagio, wangu manyoya ni mafupi. Daktari nilipomuuliza alisema ni paka tu, mama. Na pia watoto hawakuweza kusema Kadzonzo, ikawa Kajonjo, Kajojo, mwisho Jojo, na Jojo ni gamu.

Sasa ile ya Kanjo, yaani askari wa jiji, wale wachuuzi hukimbia wakiwaona.

Hii niliipenda mwenyewe na naomba msamaha mbele. Angalieni tabia: anapitia kila nyumba ya ploti bila kualikwa, anakagua sufuria, anachukua chake, anaondoka bila risiti. Kanjo kabisa. Binti akacheka mpaka akalala sakafuni, nikaona tumemaliza, jina fupi, tamu, la Nairobi. Nikamwita ndani ya nyumba siku nzima, Kanjo hapa Kanjo pale. Jioni saa kumi na mbili na nusu ikafika, sijamwona, nikatoka kwa balkoni kama kawaida, nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote: KANJOOOO!

Pale chini ya fleti yetu jioni huwa kuna soko. Mama mboga watatu, kijana wa mutura, yule wa viatu vya mtumba anatandaza kwa turubai, mzee wa mahindi choma. Sijawahi kuona watu wakipotea haraka hivyo maishani. Turubai ilikunjwa na viatu ndani kwa mara moja, kama mtu anafunga kitabu. Nyanya zikamwagika zikaanza kuteremka na barabara. Kijana wa mutura alikimbia na jiko likiwaka, na moshi nyuma yake. Mimi niko juu nawaambia hapana! hapana! ni paka! na hakuna mtu anasikia, na wale wa mtaa wa pili walipoona wenzao wanakimbia nao wakakimbia. Halafu barabara ikawa tupu, mahindi yanaungua peke yake, na huyo bwana mkubwa akatoka chini ya gari la landilodi, akatembea polepole katikati ya ile barabara, akanusa pale mutura ilikuwa.

Nililipa nyanya. Nililipa na mahindi pia, hata yale ambayo naamini yalikuwa yameungua kitambo. Mama mboga wangu hakuniongelesha siku nne, akawa ananipimia sukuma bila kuniangalia.

Hapo ndio nilielewa kitu. Nilikuwa natafuta jina kama natafuta vazi, linalomfanana, lenye maana, lenye akili kama yeye. Kumbe jina la paka Nairobi ni kitu unapigia kelele kutoka orofa ya tatu jioni, watu mia mbili wakisikiliza, na kila mmoja wao ana jambo lake. Kabla hujauliza kama linamfaa paka uliza kama linafaa barabara. Na bado kulikuwa na wa mwisho wa kuulizwa, ambaye ni paka mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Kaka yangu ndiye alipata kwa intaneti ule utafiti wa Japani wa mwaka 2019, wa Atsuko Saito na wenzake, walichukua paka 78, wengine wa manyumbani na wengine wa ile mikahawa ya paka ambayo watu huenda kulipa ndio washike paka wa wenyewe, nchi za watu jamani. Walikuwa wanamsomea paka maneno manne ya kawaida yenye urefu kama wa jina lake, kwa sauti moja, bila kubembeleza, mpaka paka anachoka anaacha kujali, halafu la tano ndio jina lake. Na wengi hapo sikio linageuka, ama kichwa. Hata likisemwa na mtu hamjui. Wale wa mikahawa tu ndio walishindwa kutofautisha jina lao na la wenzao, na siwalaumu, ukikaa mahali majina yote yanaitwa pamoja na chakula ni kimoja hata wewe utageuka kwa lolote.

Tukafanya yetu Jumapili baada ya chapati. Kaka yangu kwa kiti, sauti ya msomaji wa habari. Binti chini na daftari la kuweka alama. Paka juu ya sofa, macho nusu. Kiberiti. Mwavuli. Tokeni. Karai. Simba. Hakuna kitu. Maneno mengine manne, Kadzonzo. Hakuna. Mengine, Mheshimiwa. Akapiga mwayo, binti akauliza hiyo ni alama ngapi. Kanjo, ncha ya mkia ilisonga kidogo, nadhani ni dhamira. Akili, akafunga macho kabisa. Kaka akajaribu omena na huyo akasimama tayari, lakini tulikubaliana hiyo ni rushwa, haihesabiki.

Tukawa tumekata tamaa. Paka akashuka, akazunguka, akaenda akakalia lile daftari kama kawaida yake, tukamwondoa tukamrudisha kwa sofa tukaendelea na orodha. Jembe, kikapu, sabuni, kaka anasoma hata hasikii anachosoma. Na binti, anaandika, ameinamisha kichwa, akaona mkia umeninginia tena juu ya ukurasa akasema polepole tu, bila hasira, toka.

Masikio yote mawili. Halafu kichwa. Halafu akashuka kwa sofa akaenda akasimama mbele ya mtoto, akamwangalia usoni, akisubiri.

Hakuna mtu aliongea. Kaka akasema ebu rudia. Tukamweka mbali, tukamsomea maneno manne, la tano toka. Akaja. Tukabadilisha msomaji, nikasoma mimi. Akaja. Keateka alikuwa amekuja kuuliza mambo ya takataka, tukampa asome yeye, kwa mlango. Akaja. Mara nne kati ya nne, wale wa Japani wangetuajiri.

Na ukifikiria ni hesabu rahisi. Ni neno gani huyu mnyama amesikia zaidi tangu Aprili? Ni neno gani linasemwa kila mara mtu amemkazia macho yeye peke yake? Na jikoni likisemwa nini hufuata? Omena anaruka kona. Miezi minane mimi najua namfukuza, yeye anajua anaitwa chakula. Sasa kati yangu na yeye nani alikuwa anafundisha nani.

Mama Machakos alisikiliza yote kwa simu mpaka mwisho. Akasema, kwa hivyo unamwambia toka, halafu anakuja. Nikasema ndio. Akasema hiyo si jina, hiyo ni ndoa.

Kwa balkoni limepita, karibu. Usiku wa kwanza niliita Toka! Tokaaa! saa tatu, taa mbili zikawaka fleti ya mbele, na kesho yake mama wa samosa alipanda na samosa nne kwa sahani, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna amani kwa nyumba. Mimi sina hata bwana wa kufukuza. Lakini hakuna mtu alikimbia na hakuna nyanya ilimwagika.

Jana ndio ilikuwa wiki nne. Dada ni yule yule, benchi ni lile lile, kiondo kwa magoti. Akatoa kadi, akaona PAKA yake, akatabasamu, akakata na kalamu. Haya, akasema, leo tuko na jina?

Toka, nikamwambia.

Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena, na kabla aulize, kwa kiondo kichwa kikatokea.